Harufu ya klorini isiwahadae wazazi kwenye viwanja vya kuchezea maji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Shule za huku Texas zikishafungwa mwishoni mwa Mei, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo kupitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, huwapeleka watoto wadogo kwenye viwanja vya kuchezea maji vya mitaani. Ni jambo jema. Ni bure, ni karibu na nyumbani, na joto la Julai la huku halina huruma. Tunaandika kwa sababu wazazi wengi wanaamini kiwanja hicho hakina hatari kwa kuwa hakina kina, na wanaamini maji yake yanafaa hata kunywewa kwa kuwa yananuka klorini. Imani ya kwanza ni nusu kweli. Ya pili inawaumiza watoto.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukiona: ni sakafu ya zege au ya mpira, yenye matundu ardhini na mabomba yaliyopinda yanayorusha, kunyunyiza na kumwaga maji. Maji yakianguka hayatuami, yanapotelea kwenye vitundu vya sakafuni. Hakuna kiingilio, na kwa kawaida hakuna mwokoaji. Viwanja vingi huwa vikavu hadi mtoto abonyeze kitufe kwenye nguzo, kisha maji hutoka kwa dakika chache na kujizima. Mgeni akikuta pakavu hudhani pameharibika, akageuza gari. Atafute kwanza hiyo nguzo. Na akishaibonyeza, asimwachie mtoto akimbilie mkupuo wa kwanza: maji yaliyolala ndani ya bomba lililoanikwa juani huweza kutoka ya moto. Yaache yatiririke kidogo, yaguse mwenyewe, ndipo mtoto aingie.

Turudi kwenye klorini. Kambini harufu yake ilikuwa habari njema. Maji ya bombani hutiwa klorini kidogo, ile inayobaki ikikusudiwa kuwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, na wazazi wakawafundisha watoto kwamba maji yenye harufu ile ndiyo ya kunywa. Somo lilikuwa sahihi kwa mahali pale. Kwenye kiwanja cha maji, harufu ileile inasema jambo jingine. Klorini ikikutana na mkojo na jasho hugeuka kuwa kloramini, na hizo ndizo zinazonuka sana na kuwasha macho. Maji ya kuchezea yaliyotunzwa vizuri hayanuki kiasi hicho. Ukisikia harufu ya kuchoma pua, jua kwamba klorini nyingi imeshatumika kwenye uchafu, na huenda iliyobaki haitoshi.

Swali kubwa ambalo mzazi halioni kwa macho ni hili: maji yakishapotelea kwenye vile vitundu, yanakwenda wapi? Viko viwanja ambavyo maji hutoka kwenye bomba la mji, humwagika mara moja tu na kwenda zake kwenye mfereji. Hivyo hula maji mengi, maelfu ya lita kwa saa kwenye kiwanja kikubwa, na miji yenye uhaba wa maji huviepuka. Viko vingine ambavyo maji hurudi kwenye tangi lililofukiwa chini, yakachujwa, yakatiwa klorini, yakarushwa tena. Katika hivi vya pili, maji yanayompiga mwanao usoni saa kumi jioni ndiyo yaliyopita kwenye miili ya watoto wote walioingia tangu asubuhi. Kwa macho, viwanja hivyo viwili havitofautiani hata kidogo.

Na kutunza klorini kwenye tangi la namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuitunza bwawani. Tangi ni dogo, kwa hiyo mtoto mmoja mwenye nepi chafu hubadilisha hali ya maji yote kwa muda mfupi. Maji yanaporushwa hewani yakawa matone madogo madogo, klorini hutoka ikapotea, na jua humaliza sehemu ya ile iliyobaki. Majani, mchanga, mafuta ya kujikinga na jua, vyote hushukia tangini. Ndiyo maana mtambo wa kiwanja kinachorudisha maji unatakiwa uwe na kifaa kinachopima na kuongeza klorini chenyewe, na pampu ifanye kazi usiku na mchana. Huko Kansas, mwezi wa Juni 2021, watoto na watu wazima waliugua shigela na norovirusi, magonjwa ya kuhara na kutapika, baada ya kucheza kwenye kiwanja kimoja cha maji. Wachunguzi walikuta maji yalikuwa yakiachwa kwenye tangi usiku kucha bila kuzungushwa, kuchujwa wala kutiwa klorini, na hakukuwa na kifaa cha kupima chenyewe.

Lakini hata klorini ikiwa sawasawa, ina adui mmoja isiyemuweza. Maji yakiwa na klorini sehemu 1 kwa milioni (yaani miligramu 1 kwa lita), ile E. coli mbaya, bakteria wa kuharisha, hufa chini ya dakika 1. Virusi vya homa ya ini aina ya A huhitaji dakika 16 hivi. Giadia, kimelea cha kuharisha, dakika 45. Kriptosporidiamu, kimelea kidogo chenye ganda gumu kinachotoka kwenye kinyesi cha mtu anayehara, huhitaji zaidi ya siku 10. Chujio la mchanga nalo humruhusu apite, kwa maana ukubwa wake ni mikroni 4 hadi 6 tu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kinachomuweza ni mwanga wa urujuanimno (UV) unaowashwa ndani ya bomba ambalo maji hupitia, na si kila kiwanja kinao. Jimbo la New York liliulazimisha baada ya maelfu ya watu kuugua mwaka 2005 kutokana na kiwanja kimoja kilichomo ndani ya bustani ya jimbo.

Tusidhani ni mambo ya mara moja. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikusanya taarifa za mwaka 1997 hadi 2022: milipuko 60 iliyotokana na viwanja vya maji katika majimbo 23 na Puerto Rico, wagonjwa 10,611, waliolazwa hospitali 152. Hakuna kifo kilichoripotiwa katika milipuko hiyo. Kriptosporidiamu alihusika katika milipuko 40, na takriban wagonjwa tisa kati ya kila kumi walikuwa wake. Kando ya hesabu hiyo, mwezi wa Septemba 2021 mtoto mdogo alifariki kwa Naegleria fowleri, amiba anayeingia kwa njia ya pua hadi kwenye ubongo, baada ya kucheza kwenye kiwanja cha umma mjini Arlington hapa Texas. Ugonjwa huo ni nadra mno na hauambukizwi kwa kunywa maji. Tunautaja kwa sababu moja tu: amiba huyo, tofauti na kriptosporidiamu, klorini ya kutosha inamuweza, na uchunguzi ulionyesha kwamba zilikuwapo siku ambazo klorini haikupimwa kama ilivyotakiwa.

Katika baadhi ya majimbo sheria za mabwawa hazikuvigusa kabisa viwanja hivi kwa sababu havina maji yaliyotuama. Kisicho na kina kikaonekana hakihitaji mkaguzi. Kwa hiyo mzazi asione haya kuuliza. Piga simu idara ya bustani ya mji, au kama kiwanja ni cha ndani ya makazi ya kupanga, nenda ofisini kwa meneja. Uliza kama maji yanarudi tangini au yanakwenda mferejini. Kama yanarudi, uliza kama kuna mwanga wa urujuanimno, na klorini ilipimwa saa ngapi leo. Anayekitunza vizuri ana daftari na atakujibu papo hapo. Akianza kuzungukazunguka, nawe umeshapata jibu.

Unaweza pia kupima mwenyewe. Karatasi za kupimia maji ya bwawa huuzwa kwenye maduka makubwa kwa dola chache. Kinga maji kwa kikombe safi karibu na tundu yanapotokea, usikinge yanayotiririka sakafuni. Chovya karatasi, isubiri kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, kisha linganisha rangi kivulini, maana jua kali linadanganya macho. Tafuta klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika kwenye uchafu, isiyopungua sehemu 1 kwa milioni, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, kati ya 7.0 na 7.8. pH ikipanda juu ya hapo, klorini iliyomo hufanya kazi kivivu hata kama rangi ya karatasi inapendeza. Kama kiwanja kinatumia maji ya bomba ya kumwagika mara moja, klorini itakuwa ya kiwango cha maji ya mji, na hilo si kasoro.

Sasa nepi, maana hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Nepi ya kawaida isiingie kwenye maji. Ndani yake mna chembe zinazofyonza unyevu. Ikilowa huvimba hadi kumlemea mtoto, hupasuka, na ute wake mweupe hutapakaa sakafuni, ukaziba vitundu na chujio. Ukiona maji yameanza kutuama kuzunguka kitundu, mara nyingi ni ute huo, nywele au majani. Nepi ya kuogelea haifyonzi mkojo, nao unapita moja kwa moja. Inachozuia ni kinyesi kigumu, tena kwa muda tu. Kuhara haizuii. Hakuna nepi, iwe ya kutupa au ya kufua, inayoweza kumfanya mtoto anayehara aingie salama kwenye maji yanayorudishwa. Mtoto huyo abaki nyumbani, hata kama ndugu zake wanakwenda na yeye analia.

Kwa mtoto mmoja na saa mbili za mchezo, chukua nepi za kuogelea tatu. Kagua kila baada ya saa moja, na ukague kwa kuvuta ukingo wa kiunoni uangalie, usipapase kwa nje, kwa sababu iliyolowa na iliyochafuka huhisika sawa. Kubadilisha kufanyike chooni au mbali na sakafu ya maji, kamwe si pembeni kwenye ukingo wa zege ambako maji hurudi tangini. Watoto walioacha nepi wapelekwe chooni kila saa bila kusubiri waseme, kwani mtoto aliyenogewa na mchezo hasemi. Kabla ya kuondoka nyumbani, waoge kwa dakika moja, ukisafisha vizuri makalio kwa sabuni. Dakika hiyo moja huondoa sehemu kubwa ya uchafu ambao ungekula klorini baadaye.

Mtoto asikalie tundu linalorusha maji, wala asisimame juu yake akiwa ametanua miguu. Watoto hulipenda sana jambo hili, na wazazi hucheka wakipiga picha. Maji yanayopanda kwa nguvu huosha makalio na kupeleka uchafu tangini, na nguvu hiyohiyo inaweza kumjeruhi sehemu za siri. Asiiname pia kuchungulia tundu lililonyamaza. Matundu mengi huwaka kwa zamu, na likilipuka uso ukiwa juu yake, maji humpiga jichoni au kumwingia puani.

Majeraha ya kila siku, hata hivyo, si ya vimelea. Ni ya kuanguka. Sakafu ikishaota utelezi wa kijani karibu na mabomba, mtoto wa miaka miwili hana ujanja. Kandambili hazifai. Zinachomoka, na soli yake ikilowa hugeuka barafu. Kinachofaa ni viatu vya maji vyenye kisigino na soli yenye mikwaruzo. Bila hivyo, sandali za kufunga kisigino ni afadhali. Viatu vinasaidia pia kwa jambo la pili: eneo kavu linalozunguka maji. Mpira wa rangi nyeusi na zege likipigwa jua la mchana huunguza nyayo. Weka mgongo wa mkono wako pale kwa sekunde tano. Ukishindwa kuuacha, mtoto asipite peku.

Kwa sababu hizo zote, wakati mzuri ni asubuhi ya siku ya kazi. Sakafu haijapata moto, watoto wakubwa wanaokimbia bila kuangalia chini bado wamelala, na tangi bado halijapokea umati. Wenye vichanga wa chini ya miezi sita wawaweke kivulini tu, wasiwalazimishe kwenye mnyunyizo. Wengine wapakwe mafuta ya kukinga jua dakika 15 kabla ya kutoka, na wapakwe tena kila baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Tumeacha kiu hadi mwisho kwa sababu ndiyo mzizi wa yote. Mtazame mtoto wa miaka mitatu baada ya nusu saa ya kukimbia. Midomo imekauka, amechoka kidogo, na mbele yake maji yanaruka usawa wa kinywa chake. Anasimama, anafumba macho, anaachama. Kumkemea wakati huo umechelewa. Mnyweshe kabla hajaingia, kisha umwite kila baada ya dakika 20 aje anywe maji uliyobeba. Chupa ya maji hayo usiiweke juani. Lugha ya kumwambia iwe fupi na ya kwao: "Haya ni ya kuchezea, haya ya mama ndiyo ya kunywa." Rudia kila mnapokwenda. Na vikombe na ndoo ndogo za kuchezea viachwe nyumbani, maana mtoto mwenye kikombe mkononi atakinga, na akikinga atakunywa.

Kabla ya kula chochote, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya mikono yenye spiriti haimuui kriptosporidiamu. Kama pale hakuna bomba la kunawia, beba chupa ya pili ya maji na kipande cha sabuni. Kanga mbili zinatosha kuliko taulo nzito: moja ya kumkausha, moja ya kumfunika akianza kutetemeka, na zote hukauka kabla hamjafika nyumbani. Nguo mbichi zifungiwe kwenye mfuko wake.

Mtoto akianza kuhara maji maji kati ya siku 2 na 10 baadaye, usingoje ipite yenyewe ikizidi siku kadhaa, au akikataa kunywa, au mkojo ukipungua. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kama ulivyozoea. Kwa daktari, sema wazi kwamba alicheza kwenye kiwanja cha maji, taja tarehe na mahali, na uombe kinyesi kipimwe kriptosporidiamu kwa jina. Kipimo cha kawaida cha minyoo na vimelea mara nyingi hakimtafuti, na familia hurudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna kilichoonekana. Akithibitika kuwa naye, asiingie kwenye maji ya umma mpaka wiki mbili zipite tangu kuhara kulipokoma, kwa sababu kimelea huendelea kutoka hata mtoto akionekana mzima. Kisha wapigie simu idara ya afya ya kaunti. Wao hawawezi kufunga kiwanja kama taarifa za watoto waliougua haziwafikii, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili uwaambie tu jina la lugha, kisha usikate simu mpaka wamtafute.

Mafundi wa maji ya mabwawa ya umma,
Fort Worth, Texas